Masomo ya Waganga Kiganjani

Katika nchi yetu, muuguzi au mkunga akisha kupata cheti na kupelekwa wilayani, mara nyingi huwa ameagana na mwalimu wake. Dawa hubadilika, maradhi mapya huzuka, naye hubaki na yale aliyoandika daftarini. Askari walioko mipakani wanaujua vema upungufu huo, maana wao ndio wanaotibiwa naye.

Uganda ilianza mapema kutafuta njia. Mwaka 2003, wakati simu za kugusa zilikuwa hazijafika, Mtandao wa Habari za Afya Uganda, ukisaidiwa na shirika la SATELLIFE la Marekani na fedha za Kanada, uliwapa wafanyakazi wa afya wa Mbale na Rakai kompyuta ndogo za kiganjani. Taarifa za magonjwa zilipanda makao makuu kwa mitambo ya simu, na masomo yakashuka kwa njia hiyo hiyo. Tunataka wasomaji walishike jambo moja: somo likisha kuingia katika chombo lilikaa humo. Muuguzi aliweza kulisoma usiku, hata pasipo na mawasiliano yoyote.

Vyombo vya leo vina nguvu zaidi, lakini masomo mengi ya video hudai mtandao tangu mwanzo hadi mwisho. Aliye mbali na mnara hukosa, na aliye karibu hulipa. Sheria ya Julai 2021 iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data za intaneti, ikasamehe data za huduma za matibabu na elimu. Msamaha huo ni mwema. Ila muuguzi anunuapo data dukani, muuzaji atajuaje kama anakwenda kusoma au kusikiliza dansi?

Si jambo dogo. Ebola ya aina ya Sudan, isiyokuwa na chanjo iliyoidhinishwa, ilitangazwa Mubende Septemba 2022. Hadi ilipokwisha Januari 2023, wafanyakazi wa afya 19 walikuwa wameambukizwa, na 7 wakafa. Namna ya kuvua mavazi ya kinga hujifunzwa kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Simu huonyesha, mkono wenyewe huhitaji msimamizi wa kuusahihisha.

Kwa hiyo twaomba wakuu wa tiba majeshini na polisi wahakikishe kwamba masomo ya lazima yanapakiwa katika simu za waganga wao kambini, kikosi kingali hakijaondoka, na kwamba ofisa mmoja anawapima kwa vitendo.