Wasikufuge kwa Hofu

Kijana mwenzangu, hebu tazama asili ya maneno ya Kiingereza ya kutisha mtu. "Daunt" limetokana na neno la Kilatini la kufuga mnyama. "Unnerve" ni kumnyang'anya mtu mishipa, abaki legelege. Kwa hivyo anayekufokea kituoni "utaozea ndani!" hataki uogope tu. Anataka akufuge.

Dawa yake ni kujua. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010: ukikamatwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, ya kuongea na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata zikiishia wikendi.

Ukinyamaza, nyamaza kwa haki, si kwa woga. Kisha mfundishe mwenzako.