Sarafu za zamani Kisangani: tuzitambue kwanza, ndipo tuziuze

Katika soko kuu la Kisangani, kati ya funguo zilizopata kutu, saa zilizokufa na simu zisizowaka, mara nyingi kuna kopo lenye sarafu za zamani. Muuzaji hutaja bei moja kwa zote. Mpita njia anayejua huchagua tatu, analipa franga kidogo na kwenda zake. Aliyeuza hatajua kamwe alichotoa.

Kuna pia hasara ya upande wa pili. Ujumbe huzunguka kwenye simu ukisema kwamba sarafu yenye picha ya tembo inauzwa maelfu ya dola, ila mwenye nayo atume kwanza makuta ya "mtaalamu". Vijana wetu hutuma. Mtaalamu hapatikani tena.

Mmoja ameibiwa kwa sababu alidhani kitu chake si kitu. Mwingine ameibiwa kwa sababu alidhani ni utajiri. Ugonjwa ni ule ule: kutaja bei kabla ya kujua kitu chenyewe. Ajabu ni kwamba mji wetu unajua dawa. Hakuna mchimbaji wa Kisangani anayeuza almasi bila kuitazama kwa lenzi na kuiweka kwenye mizani. Basi kwa nini sarafu ya babu iuzwe gizani?

Jambo la kwanza ni kusoma jina la nchi na mwaka. Kitu kisicho na nchi wala mwaka kinaweza kuwa jetoni tu ya mchezo. Sarafu za shaba zenye tundu katikati na nyota kuzunguka tundu hilo ni za wakati wa Leopold II, zilianza 1887. Baada ya 1908 jina linakuwa Kongo ya Ubelgiji. Tembo alikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili: franga 2 za mwaka 1943 zina pembe sita, na zilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Franga 1 yenye tembo ilifuata 1944. Zile nyepesi za alumini zenye mnazi wa mawese ni za miaka ya 1950, zimeandikwa pia Ruanda-Urundi. Katanga nayo ilitoa zake 1961, zenye picha ya ndizi na msalaba wa shaba.

Jambo la pili ni madini, na hapa ndipo wengi wanapotea. Uzee peke yake hauleti bei. Senti za shaba za 1888 zimepita miaka mia moja na thelathini, lakini zilitengenezwa nyingi, na watu wanaokusanya sarafu huzilipa dola chache tu. Ndivyo ilivyo pia kwa franga 1 ya tembo, ambayo ni shaba ya manjano. Lakini franga 50 za 1944, zenye tembo yule yule, ni jambo lingine: zina uzito wa gramu 17.5, na nusu ya uzito huo ni fedha halisi. Hiyo hufika makumi ya dola, na ikiwa safi sana hupita mia. Franga 5 za fedha za Leopold II, gramu 25, huweza kufika mamia. Mizani ya kupima gramu iko katika kila nyumba inayonunua dhahabu mjini. Sumaku pia inasaidia: fedha haivutwi na sumaku. Sarafu unayoambiwa ni fedha, na sumaku inaishika, ni ya uongo.

Jambo la tatu ni hali ya sarafu. Wengi wakiokota sarafu huisugua kwa mchanga, majivu au ndimu ili ing'ae. Wanafuta bei kwa mikono yao wenyewe. Mnunuzi anayejua hutaka uso wa zamani, hata ukiwa mweusi. Iache ilivyo.

Na sarafu si kitu pekee. Kabla ya franga kufika kwenye maporomoko ya Boyoma, Walokele, Watopoke na Waturumbu walikuwa na makuta yao ya chuma: ngbele, au liganda, bapa refu kama mkuki, linaloweza kupita kimo cha mtu. Kwa hilo familia ililipa mahari. Leo bapa hizo zinauzwa katika maduka ya sanaa ya Ulaya, huku kwetu nyingine zikienda kwa bei ya chuma chakavu. Tangu 1971 nchi yetu ina sheria juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Ni wangapi sokoni wamewahi kuisikia?

Hatuombi mtu akatazwe kuuza. Mama anayetafuta makuta ya shule ana haki juu ya kitu chake. Tunaomba auze akiwa anajua. Chuo Kikuu cha Kisangani kina walimu wa historia. Benki Kuu ina tawi hapa mjini. Jimbo lina ofisi ya utamaduni. Wakikaa pamoja, haiwagharimu mengi kubandika sokoni karatasi yenye picha za sarafu hizi, miaka yake na madini yake, na kuweka siku moja kila mwezi ambapo mkaaji wa Mangobo au Lubunga analeta alichookota na kuambiwa ukweli bure. Kitu cha nadra kipigwe picha na kuandikwa kabla hakijaondoka mjini.

Mji huu umepoteza mengi kwa moto, tangu uasi wa 1964 hadi vita vya siku sita vya Juni 2000. Kilichobaki ardhini na katika masanduku ya wazee ni kidogo. Kisitoke kwa bei ya kopo.

Hadi siku hiyo, ndugu msomaji, shika haya: soma mwaka, pima uzito, usisugue, na usimtumie makuta mtu yeyote anayesema anataka kukununulia.