Msonge wa Bibi Sasa Unalipiwa Dola

Waandishi wenzangu, leo sina hadithi. Nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni juu ya zile kuba nyeupe zinazoota kama uyoga kwenye kambi za watalii, huku kwetu na kwingineko duniani. Mmeziona pichani: nusu ya tufe, mifupa ya chuma iliyoungwa pembetatu kwa pembetatu, turubai la plastiki juu, dirisha kubwa la kutazamia mlima, na ndani kitanda cha kifalme. Wenyewe wanaziita kuba za jiodesiki. Mgeni analala porini, anaoga maji ya moto, na asubuhi anaambiwa eti ameokoa mazingira!

Sisemi ya kusikia. Nilipomaliza kidato cha nne nilisota sana mjini, mswada wa riwaya kwapani, mpaka nikapata kibarua kwenye kambi moja ya aina hiyo upande wa Arusha. Kazi yangu ilikuwa kubeba mabomba, kukaza bolti na kufuta vumbi kwenye plastiki. Siku moja mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kama watu wa kwetu waliwahi kujenga nyumba za namna hii. Nikamjibu kwa furaha: ndiyo mama, bibi yangu kule Bukoba amezeekea ndani ya nyumba kama hii, na sisi tunaiita msonge. Mgeni alifurahi. Msimamizi hakufurahi. Jioni akaniita pembeni.

"Dogo, usiwaletee wageni habari za vibanda vya nyasi. Watu wamelipa hela hapa."

Kweli wamelipa. Bei ya usiku mmoja ilizidi mshahara wangu wa mwezi.

Sasa tutende haki. Kuba si upuuzi. Umbo lile hufunika nafasi kubwa kwa vifaa vichache, upepo huliteleza, na pembetatu haipindi kirahisi kama mraba. Mmarekani Buckminster Fuller alisajili hatimiliki yake mwaka 1954, ingawa Mjerumani Walther Bauersfeld alikwisha kujenga kuba ya namna hiyo kule Jena katika miaka ya 1920. Heshima yao naitoa.

Ninachokataa ni hilo jina la "rafiki wa mazingira" linalogongwa kama muhuri. Chuma kimeyeyushwa kiwandani, plastiki imetokana na mafuta, na vingi katika hivyo vimevuka bahari. Jua la saa saba likipiga, ndani ni tanuri. Kambini kwetu jenereta ilinguruma nyuma ya jiko ili wageni wapate ubaridi. Na turubai lililochoka kwa jua tulilizika shimoni. Urafiki gani huo, jamani?

Wala si mimi wa kwanza kulalamika. Ile kuba kubwa ya Fuller iliyojengwa Montreal kwa maonyesho ya mwaka 1967, yenye upana wa mita 76, iliungua mwaka 1976. Ngozi yake ya plastiki ikateketea, yakabaki mifupa ya chuma. Yuko pia Mmarekani Lloyd Kahn, aliyewafundisha vijana wa kwao kujijengea kuba kwa vitabu vyake vya mwaka 1970 na 1971. Yeye mwenyewe aliishi ndani ya kuba, akaona maungio yanavuja, plastiki inachakaa, na mbao zinapotea bure kwa kukatwa pembetatu. Akatubu hadharani. Mwaka 1973 akatoa kitabu kingine, Shelter, kinachosifu nyumba za wenyeji wa duniani kote, za nyasi na udongo zikiwemo.

Yeye alitubu. Je, sisi?

Msonge wa bibi ulisimama kwa miti na matete, ukafungwa kwa kamba za magome, ukaezekwa nyasi toka kileleni hadi chini. Moto uliwaka ndani, na moshi wake ukafukuza wadudu darini. Sakafuni zilitandikwa nyasi mbichi zinazonukia. Nyasi zilipooza zilirudi migombani kuwa mbolea. Sisemi ulikuwa pepo. Moshi uliwasha macho, na cheche moja ingeweza kumaliza yote. Lakini hakuna kilichozikwa shimoni.

Baba aliubomoa kwa aibu, akaweka bati. Simlaumu. Tangu utotoni alifundishwa kwamba nyumba bora ina pembe nne. Ninaowalaumu ni waandishi, na wa kwanza ni mimi. Fungueni mswada wangu: sura ya kwanza, shujaa anatoroka "kijumba duni cha nyasi" kwenda kutafuta maisha mjini. Duni! Niliandika hivyo bila hata kufikiri. Halafu washikaji zangu wawili wamenisomea hadithi zao za mapenzi, na kila wapenzi wakipata pesa wanakwenda kupumzika kwenye kuba nyeupe. Umbo ni lile lile, wenzangu. Kwa bibi ni umaskini, kwa mtalii ni ustaarabu.

Kule Torres del Paine nchini Chile, kambi iitwayo EcoCamp Patagonia husema wazi kwamba umbo la kuba zake limetokana na vibanda vya Wakawésqar, wenyeji wa asili wa huko. Mimi nilikemewa kwa kulisema lile lile. Na msimamizi aliyenikemea si Mzungu. Ni Mwafrika mwenzangu, tena huenda alisoma vitabu vile vile nilivyosoma mimi.

Basi wajenge kuba zao. Ila fundi wa msonge aitwe, alipwe kama fundi, na jina lake litajwe mbele ya wageni. Nasi tuache kuandika kila nyasi kuwa njaa.

Sura ile nimeichana. Naiandika upya, na safari hii shujaa anajua nani aliifunga kila kamba ya nyumba anayoiacha. Mwenye hoja tofauti achukue kalamu anijibu humu humu. Nasubiri.