Mwenda kwa miguu Kariakoo arudishiwe njia yake

Hukumu yetu tunaitoa mapema, kwa kuwa ushahidi uko hadharani na kila mpita njia ni shahidi. Katikati ya Dar es Salaam, anayetembea kwa miguu na anayeendesha baiskeli wananyang'anywa njia yao kila siku, na waliopewa dhamana ya kuilinda wanaona na kunyamaza. Umaskini wa nchi na wembamba wa mitaa si kisingizio. Njia hiyo inapotea kwa maamuzi ya ofisi zinazojulikana kwa majina, na ofisi hizo ndizo zinazotakiwa kujibu.

Nenda Mtaa wa Msimbazi saa kumi na moja jioni. Abiria aliyeshuka basi la mwendokasi kituo cha Gerezani au cha Msimbazi Polisi anatafuta njia ya pembeni aifuate mpaka sokoni. Njia ipo, lakini juu yake pameegeshwa gari. Mbele ya gari yamepangwa marobota yanayosubiri kirikuu, na baada ya marobota kuna mtaro usio na mfuniko. Anashuka barabarani. Huko anakutana na daladala inayokata kona, bajaji inayorudi nyuma na bodaboda inayokuja kinyume na uelekeo. Mara nyingi anayeingizwa katika hatari hii ni mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa sandarusi kichwani, au kijana anayesukuma mkokoteni wenye mzigo uliomzidi kimo, ambaye hata akiiona hatari inakuja hana wepesi wa kuikwepa.

Kariakoo inaishi kwa miguu. Mfanyabiashara aliyefuata mzigo kutoka Lubumbashi, Lusaka au Songea hazunguki Mtaa wa Kongo na gari. Anatembea duka hadi duka, Mkunguni, Aggrey, Nyamwezi, Sikukuu, na fedha anayoiacha huko ndiyo inayolipa pango la duka na kodi ya serikali. Mpagazi, msukuma guta, muuza kahawa, muuza samaki anayetoka soko la Feri na tenga lake nyuma ya baiskeli, hawa ndio soko lenyewe. Gari lenye mtu mmoja ndani linapoachwa juu ya njia yao kutwa nzima, biashara ya watu wengi inazibwa kwa raha ya mmoja.

Pembeni mwa vurugu hizi ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, inayosomesha pamoja watoto wanaoona na wasioona. Tungependa kila mwenye mamlaka juu ya barabara za Ilala asimame jirani na shule hiyo wakati wanafunzi wanatoka. Mtoto asiyeona hana namna ya kukisia kwamba leo limeegeshwa gari mahali ambapo jana palikuwa wazi, wala kwamba mfuniko wa mtaro umeondolewa usiku. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010 na inawapa watu hawa haki ya kuyafikia maeneo ya umma. Haki hiyo, kwa mtoto wa Uhuru Mchanganyiko, inaanzia kwenye njia ya kumpeleka nyumbani.

Jiji hili halikukosa maarifa. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata, na wataalamu wa miji wakaja hapa kutoka mabara mengine kujifunza. Leo, ukifuata Barabara ya Morogoro kwa baiskeli kuelekea mjini, unalazimika kushuka na kupanda njia nzima: hapa njia imekuwa kijiwe cha bodaboda, pale imewekwa meza ya biashara, mbele inakatika bila kukueleza uelekee wapi. Serikali iliyopokea tuzo ilipokea na wajibu wa kulinda kilichotuzwa. Haikuulinda.

Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa Kariakoo na katikati ya mji. Walielezwa kwamba wameziba barabara, mitaro, mbele ya maduka na njia za waenda kwa miguu. Hoja ilikuwa na ukweli ndani yake, na gazeti hili halidai kwamba njia ya umma ni mahali pa kupanga bidhaa. Lakini tunauliza: baada ya meza kuvunjwa, njia alipewa nani? Penye meza pakaegeshwa gari, au pakapangwa pikipiki, na baadaye meza nyingi zikarudi. Masikini aliondolewa kwa jina la mwenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu hakupata kitu. Mgambo wa jiji aliyekuwa na nguvu ya kubeba nyanya za mjane hajaonekana na nguvu hiyo mbele ya gari lililopanda juu ya njia. Huo ni uonevu wa aina mbili kwa pamoja, na tunaulaani wote.

Wala serikali haiwezi kusema imeshindwa kuyafuatilia magari. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, inakusanya ada ya maegesho kwa mfumo wa kielektroniki: gari linasajiliwa, saa inahesabiwa, deni linamfuata mwenye gari mpaka alipe. Chombo kinachoweza kujua gari lipi limesimama mtaa gani kinaweza pia kulitoza faini gari lililosimama juu ya njia ya watu. Uwezo upo. Umeelekezwa kwenye mapato ukaishia hapo.

Kwa nini hali hii inavumiliwa? Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi. Katika siku chache Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa viwanja vya Mnazi Mmoja akiwasikiliza, na walistahili kusikilizwa. Anayetembea hana duka la kufunga. Akigoma kutembea, familia yake inalala njaa na mji hautajua kama amegoma. Ndiyo maana kazi ya vikundi vya wananchi katika jambo hili ina thamani kubwa kuliko inavyopewa. UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli wa hapa Dar es Salaam, umetumia miaka mingi kuandaa misafara ya baiskeli barabarani na kudai njia salama kwenye barabara kuu. Waliojiunga nao si watu wa mchezo wa mwisho wa wiki pekee. Wamo wanaoitegemea baiskeli kwa riziki. Madai yao hayajawahi kuwa makubwa: njia yenye upana wa kutosha, isiyokatika, isiyoegeshwa gari. Wanapopokewa ofisini kwa maneno mazuri na kusindikizwa mlangoni bila tarehe ya utekelezaji, wanadharauliwa.

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa wananchi hawana nidhamu, wanavuka ovyo, hawatumii vivuko. Kila mwaka Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inaleta wosia huo. Tunaheshimu elimu, ila hatukubali igeuzwe njia ya kumtwisha lawama anayegongwa. Mtu anavuka ovyo pale kivuko kilipofutika rangi, au kilipowekwa mbali na mahali watu wanapokwenda, au pale ambapo hata akisimama kwenye alama za pundamilia hakuna dereva anayepunguza mwendo, ingawa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe. Jeshi la Polisi lina askari wa usalama barabarani karibu kila makutano ya Kariakoo. Tunawaona wakikagua leseni na bima za madereva. Tunataka tuwaone wakimkamata anayempita mama juu ya pundamilia.

Halafu kuna mwendo. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mtu akigongwa na gari lililo katika mwendo huo, uwezekano wa kufa ni mkubwa mara nyingi kuliko akigongwa likiwa kwenye kilomita 30. Februari 2020 mawaziri wa nchi mbalimbali walikubaliana Stockholm kwamba pale watu na magari wanapochanganyika, kikomo kiwe 30, na mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono azimio hilo, na kuweka lengo la kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka 2021, zaidi ya nusu yake vikiwa vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hakuna mahali nchini ambapo watu na magari wanachanganyika kuliko Kariakoo.

Dawa inajulikana na haina gharama ya kutisha. Shirika la Amend lilianza hapahapa Dar es Salaam kuzitengeneza barabara zinazozunguka shule za msingi: matuta, vivuko, vibao, njia ya pembeni, geti la shule kuhamishwa kutoka ukingo wa barabara. Idadi ya watoto wanaoumizwa ikapungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI), dola 250,000. Majirani nao hawakukaa. Kigali imekuwa na siku zisizo na magari tangu mwaka 2016. Kampala imetengeneza mtaa wa Luwum, ndani ya msongamano wa masoko yake, kwa ajili ya watu wanaotembea. Inauma kuona somo lililoanzia kwetu likithaminiwa zaidi nje kuliko Gerezani.

Tunachodai ni hiki. Mitaa iliyo kati ya Msimbazi na Lumumba iwekewe kikomo cha kilomita 30 kwa saa, kwa matuta na si kwa kibao peke yake. Mtaa wa Kongo na mitaa inayolizunguka soko ifungwe rasmi kwa magari mchana, na fuso na kirikuu zishushe mizigo usiku. Kariakoo imekwisha kutangazwa kuwa eneo la biashara kwa saa 24, basi saa hizo za usiku zifanye kazi inayoeleweka. Gari litakaloegeshwa juu ya njia ya watu lipigwe faini siku hiyohiyo kupitia mfumo uleule wa maegesho. Njia za baiskeli za Barabara ya Morogoro na Kawawa zisafishwe na kuunganishwa hadi sokoni na hadi Feri. Wamachinga wapangiwe mahali kwa kukaa nao mezani, wasifukuzwe kisha wakaachwa warudi kimyakimya.

Tangu Februari 2021 Halmashauri ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728. Baraza la madiwani haliwezi tena kusema jambo hili ni la mamlaka nyingine. Liwaite TARURA, Wakala wa Barabara (TANROADS), Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) na Polisi kwenye kikao kimoja cha hadhara, UWABA na wawakilishi wa watu wenye ulemavu wakiwepo, na kila mmoja aondoke na kazi yenye tarehe. Fedha zitengwe kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai Mosi. Diwani atakayepitisha bajeti isiyo na shilingi ya njia ya waenda kwa miguu Kariakoo awaeleze wapiga kura wake, kwa jina lake, kwa nini amefanya hivyo.