Waliokatwa kodi wapewe vyeti vyao



Nataka kusema kidogo juu ya kodi ya vijana wanaojipatia riziki kwa simu, wale waitwao watengeneza maudhui wa mtandaoni. Hata huku Ikungi wapo. Mpwa wangu hupiga video za kilimo cha alizeti na ufugaji wa kuku wa kienyeji, akaeleza kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kinyaturu.

Mwaka jana kampuni moja ya mjini ilimpa kazi ya kutangaza bidhaa zake kwa shilingi 400,000. Akapokea 380,000. Alipouliza, akajibiwa kuwa ni kodi ya serikali, basi. Ni kweli sheria ipo. Tangu Julai 1, 2024, anayemlipa mtengeneza maudhui mkazi wa Tanzania hukata asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Hilo silipingi. Ninalolalamikia ni kwamba mpwa wangu hakupewa cheti.

Wengi hawajui kuwa fedha hiyo ni kodi ya kijana mwenyewe iliyolipwa mapema. Hukatwa katika malipo yote, kabla hajatoa gharama za bando wala nauli ya bodaboda kwenda vijijini. Mwisho wa mwaka hesabu hufanywa kwa faida, na kilichokatwa hupunguzwa katika kodi anayodaiwa. Faida ya mpwa wangu haikufika shilingi 3,240,000, kiwango ambacho mtu binafsi hatozwi kodi ya mapato. Basi zile 20,000 ni zake. Atazidai kwa karatasi gani?

Sisi wazee tunaikumbuka kodi ya maendeleo kabla haijafutwa mwaka 2003. Stakabadhi ilitunzwa sandukuni, maana mgambo wakikukuta huna, ulihesabiwa hujalipa.

Fedha za YouTube zina utaratibu mwingine. Kampuni ya nje haikati asilimia 5 yetu, lakini mapato hayo pia hutozwa kodi hapa, na kijana hutakiwa kuyatangaza mwenyewe. Tena tangu mwaka 2021 sehemu itokanayo na watazamaji wa Marekani hukatwa asilimia 30 huko huko, kwa kuwa nchi zetu mbili hazina mkataba wa kodi. Hapo napo bila kumbukumbu hakuna la kudai.

Sheria inamtaka anayekata kodi atoe cheti. Naiomba TRA itangaze wazi ni wapi tumshitaki asiyetoa, na maofisa wake wakija kuelimisha wafanyabiashara wasiishie kwa wenye maduka. Wawaambie vijana pia kwamba namba ya mlipa kodi hutolewa bure. Mpwa wangu nusura ampe mtu shilingi 15,000 ili "amsaidie" kuipata.

Mkulima,
Ikungi, Singida.