Kwanza Tupande Darini

Siku chache kabla ya toleo hili kwenda mitamboni nilipanda darini mwa jengo moja la zamani la umma, katikati ya Dar es Salaam, nikiongozana na fundi mwashi aliyezeekea kwenye kazi ya mawe na chokaa. Chini yetu vyumba vilikuwa vimejaa mafaili na viti vilivyovunjika. Mzee alitoa msumari mfukoni, akauchoma kwenye boriti katikati ya chumba. Ukagoma. Akasogea hadi pale boriti inapoingia ukutani, akauchoma tena, ukazama wote kama unaingia kwenye muhogo wa kuchemsha. Hakusema neno. Alinyoosha tu kidole juu, kwenye bati lililotoboka.

Tuliposhuka alinionyesha maradhi ya pili. Mtu fulani, kwa nia njema, aliwahi kupiga ukuta ule lipu ya saruji. Jiwe la matumbawe lililojengwa kwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, chumvi hutuna, na jiwe hugeuka unga. Mzee alibandua kipande cha lipu kwa mwiko, na nyuma yake ukamwagika mchanga.

Nasimulia haya kwa sababu mabishano yote niliyoyasikia kuhusu jengo lile ni ya bei ya kiwanja. Wanaotaka livunjwe wanahesabu ghorofa zitakazoota pale. Wanaotaka libaki wanazungumzia historia. Sijamsikia yeyote akiuliza boriti ngapi ni nzima, ukuta gani umeinama, na maji ya mvua yanakwenda wapi.

Mimi nataka likarabatiwe, na sifichi. Lakini nataka tathmini itangulie zabuni, na ifanywe na mhandisi akiwa na fundi wa chokaa ubavuni. Kisha jiji liseme wazi litaliweka jengo kwa kazi gani. Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi. Boriti ya mkoko haibebi upana mkubwa. Chumba cha jengo la namna hii kwa kawaida hakizidi mita tatu hivi, hata kikiwa kirefu kama ushoroba. Anayetaka ukumbi wa madiwani humo atalazimika kubomoa kuta, na kuta ndizo jengo lenyewe. Maktaba ya mtaa itaenea, na dawati la kulipia leseni pia. Kliniki ya mama na mtoto itaenea, mradi foleni ikae uani chini ya kivuli.

Kwamba inawezekana, mfano tunao Sokoine Drive. Boma la Kale lilijengwa miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said, kuwapokea wageni wake. Mwaka 2017 lilifunguliwa upya kuwa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo wa jiji hili. Ukipita chini ya boriti zake utaona kuwa vile vyumba vyembamba vimeachwa vyembamba, na maonyesho ndiyo yaliyopangwa kuvifuata.

Na kwamba kuchelewa kunaua, tunajua kutoka Unguja. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, ikiwa na baraza pana juu ya nguzo za chuma. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande mkubwa uliporomoka na watu wawili wakafa. Miaka minane ilikuwa imepita tangu jengo lile lipige yowe la kwanza.

Ndiyo maana kurasa zinazofuata zimejaa boriti, chokaa na mifereji ya paa kuliko picha za milango ya nakshi. Tumezungumzia pia jambo linalosahaulika kila utepe unapokatwa: fungu la matengenezo la kila mwaka. Jengo la chokaa linataka kupakwa, kuzibwa nyufa na kusafishwa mifereji kila mwaka, na kazi hiyo lazima iwe na mtu wake na fedha yake kwenye bajeti ya halmashauri.

Kwa jengo nililolipanda, tathmini kamili itachukua miezi. Masika hayatasubiri. Mzee ameniambia kinachohitajika sasa ni bati jipya upande wa mashariki, na miti ya kuegemeza boriti sita ambazo vichwa vyake vimeoza. Hayo yafanyike kabla ya Machi, hata kama baraza la madiwani halijaamua lolote.