Akikamatwa ugenini kwa ulevi: tusimtelekeze, tusimsemee uongo

 

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma hupita Mikumi, na kwa takriban kilomita 50 hukata katikati ya hifadhi. Madereva wengi hulala Mikumi, wakiwamo vijana wa Kiislamu kutoka Tanga, Tabora na kwingineko. Hutokea mmoja wao akasimamishwa na askari wa usalama barabarani, akapimwa pumzi, akaambiwa kuwa ameendesha akiwa amelewa. Asubuhi simu hulia kwa mkewe, kwa mama yake, na hatimaye kwa kiongozi wa msikiti ulio karibu na kituo cha polisi.

Simu hizo huja na maombi mawili. La kwanza ni, "Tusaidieni, huko hatuna mtu." La pili ni, "Tuandikieni barua kuwa kijana wetu hanywi kabisa." La kwanza ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. La pili, likitolewa kwa wasiomjua kijana huyo, ni kuombwa ushahidi wa uongo. Ni wajibu wetu kuyatenganisha.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo cha moto kwa mtu aliyelewa pombe au dawa, na imetaja kiwango cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kosa hili linamhusu mwenye bodaboda kama linavyomhusu mwenye lori. Muislamu asidhani kiwango hicho ni ruhusa. Hicho ni kipimo cha mahakama. Katika dini yetu, kileo kidogo na kileo kingi hukumu yake ni moja.

Aidha, kosa la jinai kwa kawaida husikilizwa na mahakama ya eneo lilikotendeka. Mikumi imo katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Dereva wa Tanga asitarajie kesi yake kuhamishiwa Tanga kwa sababu ndiko kwao. Atapaswa kurudi kila tarehe atakayopangiwa, na familia iweke nauli hiyo katika hesabu zake mapema. Walioko Dar es Salaam na Dodoma wamepata wepesi tangu mwaka 2024, kwa kuwa treni ya SGR ina kituo Kilosa.

Dhamana

Sheria inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Isipowezekana, na kosa likiwa si zito, polisi wanaweza kumwachia kwa dhamana. Dhamana hiyo haina malipo. Mwenye kudai fedha ili aitoe anadai rushwa, na Mtume (SAW) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Uchungu wa kuwa ugenini hauihalalishi.

Tatizo la mgeni ni mdhamini. Mara nyingi hutakiwa mtu mwenye makazi yanayojulikana, kitambulisho, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Hapa ndipo msikiti unapoweza kufaa: kuitafuta familia, kuielekeza kwa mtendaji, kumpelekea mahabusu chakula na nguo, na kumuunganisha na wakili au wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Lakini anayejitolea kudhamini ajue anachotia saini. Katika fiqhi yetu mdhamini ni mdaiwa, na katika sheria ya nchi ni vivyo hivyo: mshitakiwa akitoroka, hutolewa hati ya kumkamata, na mdhamini huitwa alipe. Kijana aliyedhaminiwa Mikumi na mtu asiye hata jamaa yake, kisha akazima simu na kupotelea Tunduma, amekula amana, na amemfungia mlango mgeni mwingine atakayekuja baada yake.

Kujibu shitaka

Wapo wanaomshauri mshitakiwa akiri haraka ili alipe faini aondoke. Asikubali kabla ya kuelewa. Atakapokiri kosa na kutiwa hatiani, kwa kawaida hawezi tena kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, bali juu ya adhabu tu. Mahakama pia ina uwezo wa kumzuia kuendesha kwa muda, na kwa dereva hiyo ndiyo riziki yake. Aombe asomewe shitaka kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama zetu. Kama hakunywa, au anaona kipimo kilikosewa, aseme hivyo na atumie haki yake ya kujitetea. Kama alikunywa, asizushe hadithi, wala asitafute wa kuzithibitisha.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, Allah (SW) ametuamrisha kusimamia uadilifu katika ushahidi, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kwa hiyo kiongozi wa msikiti anaweza kuandika anayoyajua: kwamba anaifahamu familia, kwamba mtu huyu ana watoto wanaomtegemea. Barua ya kweli humsaidia mshitakiwa mbele ya hakimu. Asiyoyajua asiyaandike, hata akililiwa na mama mzazi.

Nyumbani

Imebaki familia. Katiba yetu inakataza kumtendea mshitakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na adabu yetu ya Kiislamu inakataza kueneza aibu hata ikithibitika. Aliletwa kwa Mtume (SAW) mtu aliyekunywa pombe, akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo alipomtukana, Mtume alimkataza, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilitekelezwa, na udugu haukukatwa.

Basi mke asisimangwe kisimani, wala watoto wasizomewe madrasa. Na mwenyewe atakaporejea, jamaa wamkalishe faraghani wamwulize juu ya pombe, si juu ya kesi tu. Faini hulipwa ikaisha. Mtu anayeendesha amelewa hubeba roho za abiria na watembea kwa miguu, na tukimfichia ulevi wake leo kwa barua ya uongo, huenda kesho tukaitwa kuosha maiti.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi wasafiri wetu, awaongoze walioteleza, na atujaalie kuwa wakweli katika huruma zetu. Amin.